Nyaya au plastiki? Kwa anayesubiri operesheni ya taya

Tunawashukuru mlioleta maswali shuleni, wengine kwa karatasi, wengine kwa kumtuma mtoto na daftari. Mwezi huu tunajibu swali moja tu, kwa sababu ni refu, na familia iliyouliza inatakiwa kuamua hivi karibuni.

Mama aliyetuandikia ana binti wa miaka 16. Taya lake la chini limetangulia mbele kupita la juu. Akifunga mdomo meno ya mbele hayakutani, muhindi wa kuchoma hawezi kuukata kwa meno ya mbele, na darasani wamempa jina ambalo hatutaliandika hapa. Daktari alisema dawa yake ni operesheni ya taya, lakini kwanza meno yapangwe. Sasa mama mdogo wake aliye Marekani amepiga simu akasema: msikubali mtoto awekewe vyuma, huku siku hizi watu wanavaa plastiki isiyoonekana, mimi nitatafuta pesa. Mama anauliza: tuchukue lipi?

Sisi si madaktari, ni walimu wa kujitolea. Tumesoma na tumeuliza wanaojua, na hapa tunaandika tulichoelewa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili, maana hapa kambini watu wanayachanganya. Wapo kati yetu waliovunjika taya, kwa risasi au kwa ajali ya pikipiki, wakafungwa meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya. Waya huo unashikilia mfupa mpaka upone, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, kisha unatolewa. Binti huyu hakuvunjika. Mifupa yake ilikua hivyo, wa chini ukaenda mbio na wa juu ukabaki nyuma. Mara nyingi ni mambo ya ukoo, ukimtazama babu au shangazi utaona. Si kulogwa, wala si kwa sababu mama alikula kitu fulani akiwa na mimba. Tunasema hivi wazi kwa sababu tumeshasikia yote mawili.

Operesheni yenyewe si jambo la jana. Mwaka 1849 daktari Simon Hullihen, katika mji wa Wheeling huko Marekani, alikata na kurudisha taya la msichana aliyekuwa ameungua moto utotoni, kovu la shingo likawa linalivuta taya. Mwaka 1957 madaktari wawili, Richard Trauner na Hugo Obwegeser, walichapisha njia ya kupasua taya la chini kwa kupitia ndani ya mdomo, bila kuacha kovu usoni. Mfupa unapasuliwa ubavuni uwe kama droo na kabati lake, halafu unasogezwa mbele au nyuma. Leo unashikwa kwa vibamba vidogo na skurubu za titani. Kwa mtu mwenye shida kama ya binti huyu, mara nyingi taya la juu linaletwa mbele, au la chini linarudishwa nyuma, au yote mawili kwa siku moja. Mgonjwa analala usingizi wa dawa na hasikii kitu.

Sasa kwa nini meno yapangwe kwanza? Hapa tunaomba msome polepole, maana ndipo penye hatari.

Mwili una ujanja wake. Taya la chini likitangulia, meno ya chini yanainama kuelekea ulimi, na ya juu yanainama kuelekea midomo. Yanatafutana ili mtu aweze angalau kutafuna. Kwa hiyo kasoro ya mfupa inafichwa kidogo na meno. Daktari akisogeza mifupa wakati meno bado yameinama, yatagongana ovyo na operesheni haitakaa. Ndiyo maana anaanza kwa kuyasimamisha meno, kila jino wima juu ya mfupa wake. Lakini akifanya hivyo ule ujanja unavunjika, na taya linaonekana limetoka kuliko mwanzo. Kwa watu wengi kazi hii inachukua miezi 12 hadi 18, na mwisho wake, kabla ya operesheni, mgonjwa anatafuna vibaya na anaonekana vibaya kuliko siku aliyoanza.

Madaktari wanalijua hilo na mgonjwa anaambiwa avumilie, operesheni inakuja. Lakini fikirieni mtu ambaye operesheni haikuja. Amehamishwa, au pesa zimekwisha, au daktari ameondoka. Amebaki katikati ya mto, na sura yake ni mbaya kuliko ile aliyoikimbia. Zipo hospitali zinazoanza na operesheni kisha meno yanapangwa baadaye, lakini hiyo inataka timu yenye uzoefu mkubwa, na si kila mgonjwa anafaa.

Kwa hiyo mama, swali la nyaya au plastiki ni swali la pili. La kwanza ni nani atamaliza.

Tukija kwenye vifaa vyenyewe. Nyaya za meno ni vipande vidogo vya chuma vinavyogandishwa kwa gundi, kimoja kwa kila jino, halafu waya unapita katikati ya vyote na kuyavuta meno taratibu. Mgonjwa anarudi kwa daktari kila baada ya wiki 4 hadi 8 ili waya ubadilishwe au ukazwe. Havivuliwi, mchana na usiku vipo. Plastiki ni kitu kingine. Mdomo unapigwa picha kwa kompyuta au unatolewa umbo, kiwanda kinatengeneza maganda mengi membamba yanayong'aa kama kioo, kila moja likiwa tofauti kidogo na lililotangulia. Unavaa moja wiki moja au mbili, kisha unavaa linalofuata. Kampuni iliyoyatangaza duniani ni Align Technology ya Marekani, iliyoanzishwa 1997, na maganda yake yanaitwa Invisalign. Lazima yakae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Unayavua kula na kupiga mswaki tu.

Mama mdogo hakusema uongo. Plastiki haionekani sana, haikwaruzi mashavu, na kwa kuwa inavuliwa, meno na ufizi husafishwa vizuri zaidi. Wapo wagonjwa wa operesheni ya taya huko Ulaya na Marekani waliofanyiwa kazi yote kwa plastiki, na tafiti zilizopo, ingawa si kubwa, zinaonyesha mikononi mwa daktari mzoefu matokeo ya mwisho yanaweza kulingana na ya nyaya. Hatutaki mtu aseme safu hii imepinga plastiki.

Lakini tazameni siku ya operesheni. Mifupa ikishakatwa, daktari anatakiwa kuyafunga meno ya juu na ya chini pamoja ili ajue yamekutana mahali sahihi, ndipo apige skurubu. Mwenye nyaya tayari ana vindoano kwenye waya wake, vimewekwa kwa ajili hiyo. Baada ya operesheni vindoano hivyo hivyo vinashika mipira midogo inayoongoza taya kwenye njia yake mpya kwa wiki kadhaa. Mwenye plastiki hana kitu cha kushikia. Itabidi apigiwe skurubu ndogo kwenye mfupa wa ufizi, au agandishiwe vifungo kwenye meno, au afungiwe vyuma vya muda. Inawezekana, ila ni hatua ya ziada, gharama ya ziada, na inataka daktari wa upasuaji aliyeizoea. Kwa sababu hiyo nyaya bado ndizo zinazotumika zaidi kwa operesheni ya taya, hata katika nchi tajiri.

Halafu yapo maisha yetu. Ganda la plastiki huvuliwa wakati wa kula, likawekwa juu ya karatasi, mtoto mdogo akalichukua, au likafagiliwa pamoja na takataka. Likipotea, kiwanda kitengeneze jingine na lisafiri mpaka huku, na wakati huo meno yanarudi nyuma. Kila ukila lazima usukutue au upige mswaki kabla ya kulirudisha, na anayebeba bidoni ya maji mgongoni anajua hesabu hiyo. Chai ya sukari ukiinywa nalo mdomoni, sukari inafungiwa humo kwenye meno kutwa nzima. Na ni kitu kinachodai nidhamu. Kijana wa miaka 16 anayelivua saa tano ili acheke na wenzake hatafika popote. Nyaya hazimuulizi kama anataka.

Nyaya nazo zina mateso yake. Siku za kwanza mdomo unauma na mashavu yanachubuka, daktari anatoa nta laini ya kufunika mahali penye ncha. Miwa kwaheri, muhindi wa kuchoma kwaheri, karanga ngumu pia, maana kipande kimoja kikibanduka ni safari nyingine ya hospitali. Chakula kinanasa kila mahali. Asiyepiga mswaki vizuri siku nyaya zikitolewa atakuta madoa meupe ya chokaa kwenye meno, na hayo hayaondoki kirahisi.

Kwa kuwa tumetaja madoa, tuseme neno kwa watu wetu wa upande wa volkano. Wengi waliokulia Goma, Rutshuru na kando ya Virunga wana meno yenye madoa ya kahawia tangu utoto, na watu wanawasema ni wachafu. Si uchafu. Ni madini ya floridi, yanayozidi katika baadhi ya maji ya sehemu za volkano, pamoja na maji ya mvua yanayoguswa na moshi wa Nyiragongo. Mtoto akiyanywa wakati meno yanajitengeneza ndani ya ufizi, yanatoka na madoa. Linahusu mada yetu kwa sababu kwenye meno yaliyoathirika sana gundi ya nyaya haishiki vizuri, basi mwambieni daktari mtoto alikulia wapi.

Turudi kwenye swali la nani atamaliza. Hesabuni pamoja nasi: miezi 12 hadi 18 ya kuandaa meno, kisha operesheni, kisha takriban miezi 6 ya kumalizia. Ni miaka miwili, pengine zaidi. Katika miaka miwili mkimbizi anaweza kuwa wapi? Waliopokelewa Nkamira hapa Rubavu kuanzia mwisho wa 2022, wengi walihamishiwa Mahama, ambayo iko Kirehe, upande mwingine kabisa wa nchi. Watu wa Gihembe walikaa pale tangu miaka ya 1990, watoto wakazaliwa na kuolewa pale, na mwaka 2021 kambi ikafungwa wakapelekwa Mahama vilevile. Na wengi wenu mnakumbuka Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakavuka kuja Gisenyi usiku na godoro kichwani. Sisi tunahama, hiyo ndiyo hali, na mpango wa meno lazima uijue.

Pengine familia inafikiri: tungojee Marekani, huko atatibiwa kila kitu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa tayari na tarehe ya safari zilirudishiwa mizigo. Hatusemi mlango hautafunguka. Tunasema msiweke taya la mtoto juu ya tarehe ambayo hakuna anayeijua. Kwa ndugu zetu walioko huko tayari, jambo moja la kujua: mwenye umri chini ya miaka 21 anayetumia Medicaid anaweza kulipiwa nyaya daktari akionyesha kwamba ni lazima kwa afya, si kwa urembo. Waulize katika jimbo lao.

Na wala msidhani ni wakimbizi peke yao wanaoachwa njiani. Huko huko Marekani kulikuwa na kampuni inayoitwa SmileDirectClub, iliyouza maganda ya plastiki kwa posta, bei nafuu, mteja akipiga umbo la meno yake mwenyewe nyumbani. Desemba 2023 ilifunga milango. Watu waliokuwa katikati ya matibabu wakaambiwa hayataendelea, na waliokuwa wanalipa kidogo kidogo wakaambiwa waendelee kulipa. Basi mama mdogo akitaka kutuma maganda kwa posta bila daktari wa kuyasimamia hapa, mwambieni asante sana, lakini hapana. Pesa hizo zina kazi nyingine nzuri, tutaitaja.

Umri wake nao unasaidia. Taya huendelea kukua, na operesheni kwa kawaida inangoja mpaka kukua kuishe, kwa wasichana karibu miaka 16 hadi 18, kwa wavulana mara nyingi 18 na kuendelea, hasa taya la chini ambalo ni kaidi. Ikifanywa mapema, taya linaweza kukua tena likaharibu kazi. Kwa hiyo mama asijione amechelewa. Akingoja mwaka mmoja ajue familia itakuwa wapi, hajapoteza kitu. Ila wenye watoto wadogo wa miaka 7 hadi 10 wenye dalili hiyo wawaonyeshe kwa daktari wa meno mapema, kwa sababu katika umri huo kuna vifaa vya kuvuta taya la juu mbele ambavyo wakati mwingine vinapunguza shida.

Njia ya kupita ni ile mnayoijua: kituo cha afya cha kambi, kisha Hospitali ya Gisenyi, kisha Kigali, maana madaktari wa kupanga meno na wa upasuaji wa taya ni wachache nchini na wengi wako huko. Pesa za rufaa kwa wakimbizi zinatazama kwanza maisha ya mtu, na kupanga meno hakuko mbele kwenye foleni. Ndiyo maana tunashauri mnapoongea na docta msianze na sura. Semeni anavyoshindwa kutafuna, uzito wake, maneno asiyoweza kuyatamka, kama anakoroma sana au anaamka amechoka. Hayo yaandikwe kwenye faili. Sura nayo ni maumivu, tunajua, lakini faili linasomwa na mtu asiyemjua mtoto wenu.

Kabla ya kukubali kipande cha kwanza kigandishwe, muulizeni daktari: nani atafanya operesheni, na ameshamuona mtoto? Nani atalipa, na kwa maandishi? Nauli ya Kigali kila mwezi kwa miaka miwili itatoka wapi? Hapo ndipo pesa ya mama mdogo inaponoga, kwenye nauli na chakula laini, kuliko kwenye plastiki. Na tukihamishwa ghafla, tutapewa nini mkononi? Dai barua yenye mpango wote, picha za eksirei, na aina ya vipande vilivyotumika. Ufa wa kupitishia waya una saizi mbili zilizozoeleka, inchi 0.018 na inchi 0.022, na daktari mpya asipojua ipi, ataanza kwa kubahatisha. Karatasi hizo zikae kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya ukimbizi.

Hata ikitokea mkahama na nyaya mdomoni bila daktari, msizing'oe wenyewe kwa koleo wala kwa fundi. Waya uliotulia unaweza kukaa muda bila kufanya vita, mradi mswaki unapita kila siku. Waya unaochoma shavu, kituo cha afya kinaweza kukata ncha yake.

Kwa yule atakayefika mpaka kwenye operesheni: hospitali siku chache, uso unavimba sana kisha unashuka, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi kwa wiki au miezi, na kwa wachache ganzi hiyo haiishi kabisa. Hilo lazima aambiwe kabla, si baada. Karibu wiki 6 hakuna kutafuna kitu kigumu. Uji wa sosoma ni rafiki, na sambaza zetu za Kivu zilizokaushwa, zikisagwa zikawa unga laini na kuchujwa ndani ya uji, zinarudisha nguvu. Maharage yapondwe na kuchujwa. Ale kidogo mara sita kwa siku, maana kwa bomba dogo mtu anachoka kabla ya kushiba. Na kama amefungwa meno kwa waya, awe wa operesheni au wa kuvunjika, atembee na koleo dogo la kukatia waya, na mtu wa nyumbani afundishwe hospitalini ni waya upi wa kukata akitapika au akishindwa kupumua. Usiku likae karibu na kichwa chake.

Kwa binti wa mama aliyetuandikia, basi, sisi tungeenda na nyaya, na tungengoja kuanza mpaka jina la daktari wa upasuaji liwe limeandikwa kwenye karatasi. Hilo jina la darasani tutalishughulikia sisi walimu, kuanzia Jumatatu.

Mwezi ujao tutajibu baba anayeuliza kuhusu ibyinyo, yale yanayoitwa meno ya plastiki ya watoto wachanga, na kwa nini watu wanayang'oa. Kabla hatujaandika, tafadhali mwenye mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ampeleke kituo cha afya, asimpeleke kwa mng'oaji. Maswali mengine yaleteni shuleni kama kawaida, darasa la mwisho karibu na bomba la maji.